Pima g kwa uzi na chubwi, kisha uiandikie programu

Katika karatasi nyingi za mtihani g, namba ya mvuto wa dunia, ni 10. Nyuma ya kitabu ni 9.8, na mwingine atakuandikia 9.81. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeinua mkono na kuniuliza ipi ndiyo ya kweli. Swali kama hilo halijibiwi kwa mdomo. Nampa uzi, namwambia akaipime mwenyewe.

Nafundisha fizikia Tanga, na jioni huwa na kundi la wanafunzi wa kompyuta. Zoezi hili ndilo ninaloanza nalo pande zote mbili, kwa sababu namba inayotoka kwenye uzi na namba inayotoka kwenye programu zinaweza kuwekwa mezani zikatazamana. Mwanafunzi wa kidato cha pili analiweza. Tenga saa mbili, zaidi kidogo kama hujawahi kuandika programu.

Kwanza tuelewane tunapima nini. Ukiachia jiwe, linaanguka na kasi yake inaongezeka kila sekunde. Ongezeko hilo la kasi kwa kila sekunde linaitwa mchapuko, na mchapuko unaoletwa na mvuto wa dunia ndio g. Kuupima kwa kudondosha jiwe ni kazi ngumu: kutoka urefu wa mita 1 jiwe linafika chini kwa sekunde 0.45 tu, kidole chako hakijatulia kwenye kitufe. Pendulamu, yaani uzito unaobembea kwenye uzi, inalichelewesha anguko hilo na kulirudia mara nyingi kadiri utakavyo.

Hatua ya 1: Tengeneza pendulamu

Tafuta chubwi la mshipi wa kuvulia. Ukiwa mbali na pwani, nati nzito ya gereji inatosha. Uzi uwe wa fundi cherehani, si mshipi wa nailoni, maana nailoni inavutika na urefu unabadilika huku unapima. Andaa pia futi ya chuma (ile ya kitambaa ya fundi nguo ikizeeka inalegea), chaki, na simu yenye stopwochi.

Uzi usiuzungushe kwenye msumari ukaishia hapo. Ukizungushwa, chubwi linapokwenda kulia uzi unajikunja kidogo kwenye msumari na kuwa mfupi, likirudi unakuwa mrefu, nawe hujui umepima urefu upi. Bana uzi katikati ya vibao viwili vidogo, au pasua kizibo uupitishe humo, kisha kifunge kwenye kizingiti cha juu cha mlango. Mahali uzi unapotokea ndipo unapobembelea, hapabadiliki. Zima feni.

Hatua ya 2: Pima urefu

Urefu L unaanzia pale uzi ulipobanwa hadi *katikati* ya chubwi. Wengi wanaishia juu ya chubwi, kwenye fundo. Chubwi la sentimita 3 likipimwa hivyo, sentimita 1.5 zimepotea, na kwa uzi wa mita 1 g yako itashuka kutoka 9.78 hadi 9.63. Anza na mita 1 kamili.

Hatua ya 3: Hesabu mibembeo 20

Hapa ndipo matokeo yanapopatikana au kuharibika, kwa hiyo usikimbie.

Chora mstari wa chaki ukutani nyuma ya uzi, pale chubwi linapotulia. Vuta chubwi kando sentimita 17 hivi. Kwa uzi wa mita 1 hiyo ni pembe ya digrii 10. Liachie bila kulisukuma. Likianza kuchora duara badala ya kwenda na kurudi, lisimamishe uanze upya.

Liache libembee mara mbili tatu kwanza. Kisha tazama mstari wa chaki, siyo ncha za mbembeo. Kwenye ncha chubwi linapunguza mwendo, linasita, na jicho halijui limefika lini. Katikati ndiko linakopita kwa kasi kubwa kuliko kote, na kupita kwake kunaonekana wazi. Likipita mstari kuelekea kulia, bonyeza stopwochi na useme sifuri. Likirudi tena likielekea kulia, moja. Endelea hadi 20, usimamishe.

Neno "sifuri" nimelitaja kwa sababu. Ukianza kwa kusema "moja", ukifika 20 umepima mibembeo 19. Kikundi kimoja darasani kwangu kilipata g ya 10.84, wakapima mara tatu, wakapata ileile. Walikuwa makini, uzi wao ulikuwa safi, na urefu ulikuwa sahihi. Nikawaomba wahesabu kwa sauti, tukasikia wote. Basi ukiona 10.8 kwenye daftari lako, usiutilie shaka uzi kabla hujajisikiliza unavyohesabu.

Na kwa nini 20, kwa nini tusipime mmoja tu? Kidole cha binadamu hukosea kama sekunde 0.2 hivi. Mbembeo mmoja wa uzi wa mita 1 unachukua sekunde 2, kwa hiyo kosa ni asilimia 10, na kwenye g linakuwa maradufu, asilimia 20. Mibembeo 20 inachukua sekunde 40. Kosa la kidole ni lilelile 0.2, ila sasa limegawanywa kwa mibembeo yote, na kwenye g linabaki asilimia 1. Stopwochi hujainunua upya, umebadilisha tu namna ya kuitumia.

Hatua ya 4: Rudia kwa urefu tano

Kanuni ya pendulamu ni T = 2π√(L/g), ambapo T ni muda wa mbembeo mmoja kamili, kwenda na kurudi. Kipeuo kile kinasumbua. Zidisha kila upande kwa wenyewe:

T² = (4π²/g) × L

Sasa ukichora grafu ya T² dhidi ya L unapata mstari ulionyooka, na mteremko wake ni 4π²/g. Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kama umekosea katikati ya chubwi kwa sentimita moja, umekosea kwa sentimita ileile kwenye kila urefu. Mstari mzima unasogea kando, lakini mteremko wake haubadiliki, na g inaokoka.

Haya ni matokeo ya jioni moja, mibembeo 20 kila safari:

L = 0.40 m: sekunde 25.5
L = 0.60 m: sekunde 31.0
L = 0.80 m: sekunde 36.0
L = 1.00 m: sekunde 40.1
L = 1.20 m: sekunde 44.1

Angalia jambo moja kabla ya kuendelea. Urefu wa 1.20 ni mara tatu ya 0.40, lakini muda haukuongezeka mara tatu, haukufika hata mara mbili. Kipeuo cha pili cha 3 ni 1.73, na 44.1 gawanya kwa 25.5 ni 1.73. Wanafunzi wangu wengi huiamini kanuni kuanzia hapo.

Ukipata nafasi, badilisha chubwi uweke zito zaidi kwa urefu uleule. Muda utabaki palepale: zito linavutwa zaidi, lakini pia ni gumu zaidi kusogezwa, na mambo hayo mawili yanafutana.

Hatua ya 5: Programu ya kwanza

Kwenye kompyuta weka Thonny, ni ya bure na inakuja na Python ndani yake. Kwenye simu ya Android tumia Pydroid 3. Andika hii kwa mkono wako, usinakili, maana kunakili hakufundishi vidole:

```
urefu = [0.40, 0.60, 0.80, 1.00, 1.20]
muda = [25.5, 31.0, 36.0, 40.1, 44.1]

T2 = []
for m in muda:
    T = m / 20
    T2.append(T * T)

n = len(urefu)
wx = sum(urefu) / n
wy = sum(T2) / n

juu = 0
chini = 0
for i in range(n):
    juu = juu + (urefu[i] - wx) * (T2[i] - wy)
    chini = chini + (urefu[i] - wx) ** 2

mteremko = juu / chini
g = 4 * 3.14159265 ** 2 / mteremko
print("mteremko:", round(mteremko, 4))
print("g:", round(g, 2))
```

Mistari iliyo chini ya `for` imesogezwa ndani nafasi nne. Hayo si mapambo. Python inatambua kwa nafasi hizo ni mistari ipi irudiwe, na ukisahau itakukatalia. Kurudia huko ndiko tunakoita kitanzi: kompyuta inachukua muda wa kwanza, inaugawa kwa 20, inauzidisha kwa wenyewe, inauweka kwenye orodha, kisha inarudi kuchukua wa pili.

Kumbuka pia kwamba Python inahesabu vitu vya orodha kuanzia sifuri. `urefu[0]` ni 0.40. Ndiyo sifuri ileile ya hatua ya 3.

Sehemu ya pili inatafuta mstari unaopita karibu zaidi na nukta zote. `wx` na `wy` ni wastani. Kwa kila nukta tunauliza iko mbali kiasi gani na wastani, kulia na juu, kisha tunajumlisha. Nukta za pembeni zina sauti kubwa kuliko za katikati, na ndivyo inavyostahili, kama vile ubao mrefu unavyokuonyesha mwinamo vizuri kuliko mfupi.

Programu itachapa mteremko 4.0452 na g 9.76. Usiiamini bado. Chukua nukta ya kwanza na ya mwisho, na kikokotoo: (44.1/20)² kutoa (25.5/20)², gawanya kwa 0.80. Unapata 4.05 hivi. Sasa unaweza kuiamini.

Kwa nini Tanga si 9.81

Hapa nasimama kidogo, kwa kuwa swali lile la mwanzo linajibiwa hapa. Dunia inazunguka na imevimba kiunoni, kwa hiyo g ni ndogo karibu na ikweta: 9.78 usawa wa bahari kwenye ikweta, 9.83 kwenye ncha za dunia. Ile 9.81 ni ya Paris na London. Ukipanda juu inapungua tena, kama 0.003 kwa kila kilomita.

Aliyeligundua hilo hakuwa akilitafuta. Saa ya pendulamu ilibuniwa na Christiaan Huygens mwaka 1656. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikuwa Cayenne, Guyana ya Ufaransa, akipima nyota, akakuta saa yake iliyorekebishwa Paris inachelewa takriban dakika 2 na nusu kila siku. Ikabidi aifupishe pendulamu. Isaac Newton alilitumia jambo hilo katika kitabu chake cha 1687 kutetea kwamba dunia imebonyea kwenye ncha. Cayenne iko karibu digrii 5 kaskazini ya ikweta, na Tanga iko karibu digrii 5 kusini yake. Saa ya Richer ingeletwa kwetu ingechelewa vilevile. Jaribu:

```
import math
print(86400 * (1 - math.sqrt(9.78 / 9.81)))
```

Utapata sekunde 132, dakika 2 na ushee. Wewe kwa mibembeo 20 huwezi kuona tofauti hiyo ndogo ya 0.03. Richer aliiona kwa sababu saa yake ilihesabu mibembeo ya siku nzima, zaidi ya 40,000, na ujanja wake ni uleule wa hatua ya 3.

Hatua ya 6: Programu inayobembea yenyewe

Kanuni tuliyotumia ina sharti ambalo vitabu huliandika kwa herufi ndogo: pembe iwe ndogo. Ndogo kiasi gani? Tuiulize kompyuta, bila kuipa kanuni ya T kabisa. Tutaipa tu kinachotokea kwa muda mfupi sana (`dt`), kisha irudie.

```
import math
g = 9.78
L = 1.0
dt = 0.0001
pembe = math.radians(10)
kasi = 0
t = 0

while pembe > 0:
    mchapuko = -(g / L) * math.sin(pembe)
    kasi = kasi + mchapuko * dt
    pembe = pembe + kasi * dt
    t = t + dt

print("T:", round(4 * t, 2))
```

Isome kwa Kiswahili. Maadamu chubwi halijafika katikati: tafuta mchapuko kwa pembe iliyopo, ongeza kasi kidogo, sogeza pembe kidogo, sogeza saa kidogo. Alama ya kutoa ipo kwa kuwa mvuto siku zote unalirudisha chubwi katikati. Kutoka nchani hadi katikati ni robo ya mbembeo, ndiyo maana tunazidisha kwa 4. Njia hii ya kupiga hatua ndogo ndogo ina asili kwa Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi wa karne ya 18, aliyepiga hatua hizo kwa kalamu.

Badilisha digrii 10 uone: kwa 5 inatoka 2.01, kwa 10 inatoka 2.01, kwa 30 ni 2.04, kwa 60 ni 2.16, kwa 90 ni 2.37. Kanuni ya kitabu ingesema 2.01 kote. Sasa "pembe ndogo" ina maana unayoweza kuishika: hadi digrii 10 stopwochi yako haioni tofauti.

Hatua ya 7: Iharibu makusudi

Hatua hii naipenda kuliko zote. Badilisha `dt` iwe 0.01, na kitanzi kiwe hiki:

```
kubwa = 0
while t < 20:
    mchapuko = -(g / L) * math.sin(pembe)
    kasi = kasi + mchapuko * dt
    pembe = pembe + kasi * dt
    t = t + dt
    if t > 17:
        kubwa = max(kubwa, abs(pembe))

print(round(math.degrees(kubwa), 1))
```

Inakuonyesha chubwi linafika pembe gani baada ya sekunde 17. Itachapa 10.0, kama ulivyoliachia. Sasa panga mstari wa `pembe` uwe juu ya mstari wa `kasi`, usibadilishe kingine chochote, uiendeshe tena. Chubwi limepita digrii 20. Limejipandisha lenyewe, bila kusukumwa na mtu!

Hakuna kosa la tahajia, Python haijalalamika, na mistari ni ileile. Kilichotokea ni kwamba pembe sasa inasogezwa kwa kasi ya zamani, ile ya kabla mvuto haujaigusa katika hatua hii. Kila hatua inavuka kidogo kuliko inavyopaswa, chubwi linafika juu kidogo zaidi, na hatua 2,000 za kidogo zinakusanyika. Mwanafunzi wa kompyuta pekee angeona programu inaendeshwa vizuri akaenda nyumbani. Wa fizikia anajua chubwi lililoachiwa haliwezi kupanda juu ya lilipoachiwa, kwa hiyo anajua programu inasema uongo hata kabla ya kujua kosa liko wapi. Mwalimu mwenzangu, ukiwa na dakika kumi tu, ruka mengine yote ufundishe hili.

Hatua ya 8: Rudi kwenye uzi

Programu imesema digrii 60 itachukua sekunde 2.16. Nenda mlangoni. Uzi wa mita 1, vuta chubwi hadi liwe limepanda nusu mita kutoka lilipotulia. Hiyo ni digrii 60. Pima mibembeo 5 tu, siyo 20, maana hewa inaipunguza pembe haraka. Kanuni ya kitabu inasema 10.05, programu inasema 10.78. Tofauti ni sekunde 0.73, kidole chako hakikosei kiasi hicho. Rudia mara kadhaa, uchukue wastani.

Utakaribia programu, ila mara nyingi utabaki chini yake kidogo, kwa kuwa kwenye mbembeo wa tano pembe si 60 tena. Hewa hatujaiweka kwenye programu. Kuiweka ni mstari mmoja:

```
mchapuko = -(g / L) * math.sin(pembe) - b * kasi
```

Ili kuipata `b`, liachie chubwi kwa digrii 10 na upime linachukua sekunde ngapi mpaka mbembeo ushuke hadi digrii 5, sentimita 9 hivi kutoka mstari wa chaki. Gawanya 1.39 kwa sekunde hizo. Ikiwa ni sekunde 200, andika `b = 0.007` juu ya kitanzi. Ni makadirio, kwani hewa haifuati mstari huo sawasawa kwa pembe kubwa. Kitanzi cha hatua ya 6 husimama katikati, kwa hiyo kirefushe kiende mibembeo 5 kuanzia digrii 60, uone imesogea kiasi gani kuelekea namba ya stopwochi yako.